Begi Lako Ulijue Mwenyewe

(Mazungumzo ya mama mratibu wa safari, siku ya pili ya mkutano wetu wa maadhimisho, Bukoba. Yametolewa kwenye kinasa sauti na kupunguzwa kidogo.)

    

Baba askofu amenipa dakika 30 na somo langu ni mabegi. Naona wengine mmeanza kutabasamu. Watu wamefunga na kuomba siku tatu, mgeni rasmi amekaa mbele, halafu mama anasimama kufundisha kukunja nguo! Cheka tu, mpendwa. Ila mimi ndiye ninayesimama mpakani na orodha ya majina mkononi, jua linawaka, basi zima linasubiri. Na tangu tuanze kutembeleana, mara nyingi kinachotuweka pale si pasipoti. Ni mizigo.

Mnajua vituo vyetu vilivyo siku hizi. Rusumo, Mutukula, hata Kabanga na Kobero, ni vituo vya pamoja. Unashuka mara moja tu, upande wa nchi unayoingia, na maofisa wa nchi zote mbili wako jengo moja. Ni rahisi kuliko zamani tulipokuwa tunashuka mara mbili. Lakini mizigo nayo inashushwa mara moja, yote, inapangwa, na ofisa anauliza maswali mawili: hili begi la nani, na ndani kuna nini. Leo nataka kila mmoja aweze kujibu maswali hayo mawili bila kumtazama jirani.

Tuanze na safari fupi, mkutano kama huu, siku tatu au nne. Begi moja. Lile unaloweza kulibeba mwenyewe na kupanda nalo ngazi za basi bila kumwita kijana. Kabla ya kutoka nyumbani libebe, zunguka nyumba mara mbili. Ukisimama kupumzika, rudi ndani upunguze.

Ndani mna nini? Nguo mbili za ibada, ya kulalia, nguo za ndani za kutosha, ndala, taulo dogo, mswaki, kipande cha sabuni, Biblia na daftari. Nguo ya tatu ni ile uliyovaa. Na kanga moja, ambayo wenzetu wa Kenya wanaiita leso, au kitenge. Mama, wewe unajua kanga ni nini safarini: ni shuka, ni mbeleko, ni mto ukiikunja, ni pazia la kubadilishia nguo pale tunapolazwa madarasani watu 20. Hakuna kitu chepesi kinachofanya kazi nyingi hivyo. Akina baba nao wabebe, haiwapunguzii kitu. (Kicheko.)

Kinachojaza begi la siku tatu ni neno "huenda". Huenda nikaitwa kuimba, huenda kukawa na sherehe, huenda viatu vikachafuka. Matokeo yake mtu ana jozi nne za viatu, na mimi nimemwona na miguu miwili tu. Jozi mbili zinatosha: kimoja mguuni, ndala begini. Na kilicho kizito kuliko vyote, kiwe kiatu kiwe koti, kivae siku ya kusafiri, usikibebe.

Kuhusu baridi nisieleweke vibaya. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Kabale asidanganywe kwamba kote huku ni ikweta. Kabale ni milimani, usiku unatetemeka. Nairobi mwezi wa saba vilevile. Sweta moja nzuri inatosha kuliko tatu nyembamba, na sweta hiyo iwe juu ya begi ama mwilini, isiwe chini kabisa.

Sasa kukunja. Fulana, sketi za pamba, nguo za ndani, viringisha kama mkeka, zitakaa nyingi na hazitapata mikunjo mikali. Suti usiiviringishe. Geuza koti bitana iwe nje, ingiza bega moja ndani ya lingine, likunje mara moja, liweke juu kabisa. Viatu vikae chini upande wa magurudumu, soksi ndani yake, nyayo zitazame ukuta wa begi, visikanyage shati lako. Vitu vizito vyote viwe chini. Begi likisimamishwa ndani ya buti la basi huku vizito viko juu, vitateremka vyenyewe safari nzima, na zile nguo ulizopiga pasi mpaka usiku wa manane zitafika kama zimelalwa na mbuzi.

Losheni na mafuta ya nywele, usibebe chupa kubwa kwa siku tatu. Hamishia kidogo kwenye kikopo, usikijaze mpaka mdomoni, kifunge katikati ya taulo. Na mawese, ndugu zangu wa Kongo na Kigoma, tunayapenda, Mungu anajua. Lakini dumu la mawese halina rafiki ndani ya buti. Mwaka mmoja kulikuwa na kwaya iliyokuja na sare nyeupe, ikaimba imevaa rangi ya chungwa. Siitaji, wenyewe wanajijua na wako hapa. (Kicheko kirefu.) Dumu lisimame peke yake, lifungwe kamba, liandikwe jina, na konda aambiwe.

Halafu kuna mkoba mdogo, ule unaokaa nao kwenye siti. Pasipoti au kitambulisho, kadi ya njano ya chanjo, dawa unazomeza kila siku, miwani, simu, chaja, fedha, nguo moja ya kubadilisha. Hivi haviingii butini hata siku moja. Basi linaweza kufika na begi lisifike. Nikiulizwa na ofisa, "Mama, huyu hana kadi ya njano?" na mtu ananiambia, "Iko kwenye begi, chini ya mchele," basi hapo watu 40 wanamsubiri mtu mmoja afukue mchele. Chaja pia angalieni. Tanzania, Kenya na Uganda tunatumia plagi za pini tatu bapa. Ukivuka Rwanda, Burundi au Kongo utakuta matundu ya pini mbili za duara. Adapta ndogo moja kwa kila watu watatu, mnapokezana.

Safari ndefu. Umisheni miezi mitatu, masomo, au umeitwa kumuuguza mzazi hujui utarudi lini. Hapa wengi hufanya hesabu ya kuzidisha: siku nyingi, nguo nyingi. Miezi mitatu inahitaji nguo za wiki moja, na kufua. Kilichobaki cha nafasi ni cha vitu ambavyo huko uendako hutavipata kwa urahisi. Dawa zako zikiwa kwenye pakiti zake, pamoja na karatasi ya daktari. Miwani ya akiba. Vyeti halisi, na nakala zake zikae begi lingine. Biblia ya lugha utakayohubiria. Sukari, sabuni, mchele, vyote vinauzwa Kampala, vinauzwa Bujumbura. Kwa nini uvibebe kilomita mia tano?

Mtume Paulo alizunguka nchi nyingi kuliko sisi sote humu. Akiwa kifungoni, anamwandikia Timotheo amletee vitu vyake alivyoviacha Troa. Anaomba nini? Joho, maana majira ya baridi yanakaribia, na vitabu. Basi. Mimi huwa nasoma pale nikisema, huyu mzee alijua kufunga mzigo.

Jambo lingine la safari ndefu na fupi pia: theluthi moja ya begi iwe tupu unapoondoka kwako. Sisi tukitembeleana hatuagani mikono mitupu. Hapa Bukoba mtapewa kahawa ya kutafuna, mtapewa senene, na mwenyeji wako akikuona huna pa kuviweka atakununulia shangazi kaja, lile begi la nailoni la mistari, na hapo ndipo mizigo inapozaliwa. Acha nafasi tangu nyumbani. Senene waliokaangwa na kukauka husafiri vizuri, ila wasikae pamoja na nguo za ibada.

Wanaokwenda na ndege, kwa mfano kupitia Entebbe au Kigali, tiketi yako ndiyo sheria, isome kabla hujafunga. Mashirika mengi huruhusu kilo 23 kwenye begi kubwa na karibu 7 mkononi, lakini si yote. Betri ya akiba ya simu ikae mkononi, isiwekwe kwenye begi linalokwenda chini ya ndege. Majimaji ya mkononi, chupa isizidi mililita 100. Hayo yanatosha, wengi wetu ni watu wa basi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana nimefika penye sababu yangu ya kuomba kipindi hiki.

Kitu kinaweza kuwa halali asubuhi nyumbani kwako na kikawa kosa saa nane mchana umevuka. Mfuko wa plastiki, ule mnaouita rambo, au juala, au kaveera: Rwanda waliupiga marufuku tangu 2008, Kenya Agosti 2017, Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Funga vitu vyako kwa vitambaa, kwa vikapu. Suruali za vijana zenye madoa kama za jeshi, usivae, usibebe. Uganda, Kenya na Tanzania raia haruhusiwi. Mkorogo, krimu za kuchubua ngozi zenye zebaki, akina dada zitatupwa mbele yenu, na aibu juu. Mbegu, miche, nyama mbichi, kuku hai, vina vibali vyake, usifikiri kwa kuwa ni zawadi ya mchungaji vitapita.

Na ipo miraa. Meru kule Kenya ni zao, mtu analima, anauza, anasomesha watoto. Ukivuka kuja Tanzania jani lilelile linaitwa mirungi, na sheria inaliweka kwenye dawa za kulevya. Naitaja kwa sababu ilitupata.

Sisemi mwaka, sisemi mpaka. Ndugu yetu mmoja, shemasi, mtu wa maombi, alikuwa stendi basi likiwa linawaka. Akaja mtu, anasalimia vizuri, "Bwana asifiwe mpendwa, nyinyi mnakwenda mkutano? Naomba unipelekee mfuko huu kwa shemeji yangu, atakupokea ukishuka." Mfuko umeshonwa mdomo. Shemasi akaupokea, akauweka kando ya begi lake. Mpakani ofisa akauliza, huu wa nani? Akajibu kwa uaminifu wote, wa kwangu, nimepewa nipeleke. Ukafunguliwa. Lile shina la kijani limefungwa kwa majani ya mgomba. Namba ya shemeji ikapigwa, haipatikani. Shemasi akalala mahabusu usiku wa kwanza, akalala wa pili. Mke wake alikuwa kwenye basi letu na mtoto mgongoni. Wazee walikwenda, wakaeleza, mwisho akaachiwa. Lakini mnafikiri kila mpaka utaachiwa? Na kama ingekuwa unga, badala ya majani?

Watu waliniambia, "Mama, huo ulikuwa mtego wa shetani." Sawa, lakini mkono uliopokea mfuko ulikuwa wa kwetu. Someni habari za Benyamini na kikombe cha Yusufu. Yule kijana hakuiba kitu. Kikombe kiliwekwa kwenye gunia lake bila yeye kujua, gunia likafungwa vizuri, akapakia punda, akaondoka. Msako ulipofika gunia lililosemwa lilikuwa la kwake. Ndugu zake wote wakararua mavazi yao, wakarudi mjini pamoja. Yeye kwa Yusufu alikutana na ndugu yake. Wewe pale mpakani huna ndugu ofisini.

Kwa hiyo tumekaa na wazee, tumekubaliana, na naomba mwandike. Mzigo wa mtu mwingine haupokelewi stendi. Unaletwa nyumbani au kanisani siku moja kabla, aliyeuleta anaufungua yeye mwenyewe, unaona kitu kimoja kimoja, unaandika kwenye karatasi na majina na namba za wote wawili, mtumaji na mpokeaji. Unampigia mpokeaji hapohapo. Asipopokea simu, mzigo unabaki. Ukishaukagua, unaufunga wewe, unaingia ndani ya begi lako na hautoki machoni pako. Uliofungwa tayari, ulioshonwa, wenye gundi, hupokei. Hata akiwa amekupa mchungaji. Hata akiwa amekupa baba askofu. (Baba askofu: "Hata mimi!") Mmesikia wenyewe!

Najua ugumu wake. Tumelelewa kusaidiana, kumkatalia mtu mzigo ni kama kumnyima maji. Mama mmoja aliniambia, "Mimi nitamfunguaje mfuko mama mkwe wangu? Ataona namwita mwizi." Nikamwambia, mwambie hivi: "Mama, mpakani wataniuliza kuna nini, na sitaki kusema uongo nikiwa nimebeba mzigo wako. Nionyeshe ili niwajibu." Mkwe alifungua. Kulikuwa na nguo za mtoto na dagaa. Lile jibu limesaidia wengi, litumieni.

La biashara nitaligusa tu. Wapo wanaobeba vitenge doti 30 wanasema ni sare za kwaya. Kwaya gani hiyo ya watu 9? Ukiwa na biashara ndogo si dhambi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo: bidhaa zilizo kwenye orodha, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, unaandikiwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa palepale forodhani. Nenda dirishani, tangaza mzigo wako, na mzigo huo usiupakie kwenye basi la mkutano. Vyombo vya muziki navyo, kinanda na spika, tangazeni mnapotoka nchini kwenu ili mpate karatasi. Bila karatasi mkirudi mtaambiwa mmevinunua huko.

Mwisho kabla ya maswali, wale vijana watano wanaolinda mizigo pale darasa la mwisho wakati sisi tunaabudu. Jana hawakuletewa chakula mpaka saa kumi. Daudi alipotoka kumfuata adui, watu 200 walichoka wakabaki kijito cha Besori wakilinda vyombo, na aliporudi aliagiza wapate fungu sawa na waliokwenda vitani. Kamati ya chakula, leo sahani zao zitoke za kwanza.

Maswali, matatu tu.

Dada wa Bukavu: Mama, sisi tunabadilisha magari mara nne mpaka kufika nyumbani. Valizi yenye magurudumu ama begi la mgongoni?

Begi la mgongoni, dada. Magurudumu ni mazuri kwenye sakafu. Kwenye matope na mawe utaliburuta mpaka litoke miguu. Na kwa kuwa unabadilisha magari mengi, funga kitambaa cha rangi kali kwenye mpini, ulitambue hata usiku, na jina liandikwe nje na ndani, maana la nje huchanika.

Kijana wa Kampala: Mtu akisharuhusu nikague mzigo wake, halafu mpakani ukatozwa ushuru, nani analipa?

Mtumaji. Mkubaliane siku ya kukagua, iandikwe kwenye karatasi ileile. Asipokubali, usibebe.

Mzee wa Muleba: Mimi nimeandaa jogoo wa mgeni wangu wa Kigali. Sasa umeniharibia.

(Kicheko.) Baba, hujaharibikiwa. Mgeni wako anaondoka kesho saa kumi na moja alfajiri. Leo jioni jogoo achinjwe, ale hapahapa kwa ugali wa moto, abebe kahawa ya kutafuna. Mizani iko nyuma ya ukumbi karibu na jenereta, kila begi lipimwe kabla ya saa mbili usiku. Basi la Rusumo litapakiwa kwanza, la Mutukula litafuata.